Tisa za Kaka Yangu

Baba yangu alifundisha darasa la sita katika milima ya Kivu ya Kusini kwa miaka ishirini na moja, na kwa makadirio yangu alisahihisha daftari zisizopungua milioni nne. Kalamu nyekundu ilimwachia doa kidoleni ambalo hata sabuni ya kipande haikuliweza. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alipewa kiwanja, jembe na mbegu za mahindi. Hakuna aliyemwambia aache kuwa mwalimu, naye hakuuliza.

Wanafunzi wake wakawa wawili: mimi binti yake na kaka yangu. Kaka alinizidi mwaka mmoja na nusu, lakini Uganda ilitusawazisha, maana kwa sababu ya Kiingereza wote tuliwekwa kidato cha kwanza, tukiwa warefu kuliko baadhi ya walimu. Nilikaa dawati moja na mtoto ambaye nadhani alikuwa bado ananyonya.

Siku hiyohiyo ya kwanza baba alituita uani, akatuonyesha jalada la plastiki ya bluu, lile ambalo sisi Wakongomani tunaliita farde. Ndani hamkuwa na kitu. Akasema:

"Hii ni ya université. Kila karatasi nzuri mutapata, inaingia humu. Siku bataniuliza, 'Mzee, batoto bako bana nini?' mi nafungua tu."

Miaka minne tulilisha hilo jalada. Ripoti za kila muhula ziliingia humo, pamoja na cheti changu cha mdahalo na barua ya kaka ya kusifiwa kwa kusafisha choo, maana ndiyo pekee aliyopata na baba hakutaka jalada lake liegemee upande mmoja. Alitufundisha hesabu kwa Kifaransa kwa kuandika na makaa juu ya mlango. Mlango wetu ulijua milinganyo kuliko mlango wowote katika Wilaya ya Isingiro. Kila Jumamosi alitufanya tuandike barua ya kuomba nafasi chuo kikuu, "Bwana Mkuu wa Chuo, kwa heshima kubwa," wakati tulikuwa bado kidato cha pili na bwana mkuu huyo hakujua kama tumezaliwa. Alizisahihisha kwa nyekundu. Yangu ilirudi na makosa mawili au matatu. Ya kaka ilirudi kama imechinjiwa kuku.

Kaka hakuwa mjinga, sitaki mtu aelewe hivyo. Angeweza kufungua redio, kuitoa utumbo wote na kuirudisha ikiimba. Lakini karatasi na yeye hawakusalimiana. Kila muhula alileta asilimia thelathini, thelathini na mbili, na baba alikunja ripoti na kuisukuma jaladani nyuma ya zangu. Hakumpiga wala kumtukana. Aliacha tu kumtazama mpaka muhula mwingine uanze, na nafikiri kiboko kingekuwa nafuu.

Kidato cha nne tulikwenda Kabingo kupiga picha za kujiandikisha kwa mtihani wa taifa. Tulikuwa na shati jeupe moja. Nilipigwa picha mimi kwanza, nikaingia nyuma ya pazia, nikalivua, akalivaa yeye. Mpiga picha akamwambia, "Wewe, tabasamu kidogo, unaenda shule, hauendi jela." Kaka akajibu, "Afande, tofauti ni gani?" Tulicheka mpaka mpiga picha akatishia kutuongezea bei.

Mwaka huo shirika moja lililokuwa na ofisi kambini lilitangaza ufadhili: kidato cha tano na cha sita kwenye shule nzuri ya Mbarara, halafu chuo kikuu mpaka mwisho. Sharti lilikuwa moja gumu. Kila kadi ya familia, mtoto mmoja. Mzazi mwenyewe alete fomu, kadi na matokeo. Baba alisoma tangazo lile mara tatu, kisha akanitazama mimi. Usiku ule nilikula kipande cha samaki kilichokuwa cha kwake.

Matokeo yalitoka Ijumaa, mwezi wa pili, kwa ujumbe wa simu. Kwanza niwaeleze jambo moja, maana ndilo lililotumaliza. Kwetu Kongo mwanafunzi anapanda na pointi: nyingi ni nzuri, chache ni aibu. Ripoti za shule za Uganda nazo zilikuwa na asilimia, kwa hiyo kwa miaka minne baba alizisoma bila shida. Lakini mtihani wa taifa wa wakati ule ulitoa kwa kila somo tarakimu moja, kuanzia moja mpaka tisa. Moja ndiyo ya juu kabisa. Tisa ni kuanguka.

Baba alishika simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ujumbe wangu ulikuwa wa kwanza: Kiingereza mbili, hesabu moja, biolojia moja, kemia mbili, historia moja. Niliruka juu. Nakwambia niliruka mpaka nikaona Tanzania. Niliposhuka, uso wa baba ulikuwa umebadilika rangi.

"Moja?" akasema. "Tena moja? Mbili? Weye, ulienda kufanya nini mule ndani?"

"Papa, nimepita! Nimepita sana!"

"Umepita na moja?"

"Huku moja ndiyo ya juu, Papa. Ni kama kuwa wa kwanza. Tisa ndiyo kuanguka."

Akafungua ujumbe wa kaka. Tisa, nane, tisa, tisa, saba. Zilijipanga kama madumu kwenye bomba. Akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu, kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi na suruali yake ya kanisa.

"Tisa kwa kumi," akasema polepole. "Mungu wangu. Ile kufunga siku tatu haikuwa ya bure."

"Papa, si kwa kumi..."

"Nyamaza! Mi nimetoa pointi miaka makumi mbili na moja, weye haujazaliwa. Leo uniambie moja inapita tisa? Basi na shetani iko malaika!"

Nilimgeukia kaka. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake umefunika mlinganyo. Alijua. Kila mwanafunzi wa kambi nzima alijua, hata wale waliosoma kwa kuchungulia dirishani. Baba alinyanyuka, akamshika kaka kichwa kwa mikono yote miwili, akakibusu kwenye paji. Sikuwahi kuona kitu kile. Kaka alifumba macho.

Jioni nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa anachanja kuni.

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini. Fomu inafungwa Ijumaa ijayo. Wewe ukisema, ataamini."

Akachanja kuni mbili. Kisha akasema, "Uniache nifurahiwe wiki moja tu. Moja. Wewe umefurahiwa miaka mine."

"Watakukataa pale ofisini!"

"Banikatae. Lakini si leo."

Nilimwita mwizi, nikamwita Yuda, nikamwita majina ambayo hata punda wa mjini Kaberebere asingevumilia. Akaendelea kuchanja.

Sasa, baba hakuwa mtu wa kuacha swali bila jibu. Mtoto aliyepata asilimia themanini na nne kwa miaka minne, imekuwaje aanguke mpaka kwenye moja? Jibu alilipata usiku ule, na asubuhi ya Jumamosi mama alinipeleka kwa kiongozi wa idara ya akina mama kanisani, tuliyemwita mama mkubwa, mwanamke mwenye mikono ya kukamua ng'ombe. Alinilaza kwenye mkeka, akanibonyeza tumbo kutoka mbavuni mpaka chini kama anayetafuta jiwe kwenye maharage.

"Siku zako zilikuja lini?"

"Wiki jana, mama."

"Usidanganye. Mutoto wa akili hawezi kupata moja bila mwanaume."

Mama yangu alikaa pembeni akitazama ukuta. Hakuwahi kusoma hata siku moja, na kwa mambo ya karatasi baba alikuwa kwake kama daktari. Mama mkubwa hakupata kitu, lakini hakusema hapana kitu. Alisema, "Tungoje mwezi mmoja tuone." Na kwa mwezi mmoja kila mwanamke aliyenisalimia njiani alisalimia tumbo kwanza.

Jumapili baba aliomba nafasi ya ushuhuda. Kanisa letu lilikuwa la mabati na turubai, na siku hiyo mvua iliyonyesha, Nuhu mwenyewe angeomba lifti. Baba alipaza sauti juu ya mvua. Alieleza safari yetu kutoka milimani, jembe, makaa na mlango. Akamwita kaka asimame.

"Huyu," akasema, "mulimuona wa mwisho. Hata miye baba yake nilimuona wa mwisho. Sikilizeni Mungu amefanya nini. Tisa! Nane! Tisa! Tisa! Saba!"

Kila tarakimu watu walipiga makofi. Kwenye tisa ya tatu akina mama walipiga vigelegele na ngoma ikaingia. Nilikuwa kwenye kwaya, safu ya pili. Wenzangu wa shule waliinamisha vichwa, mabega yakitetemeka kwa kicheko, na msichana aliyesimama karibu nami akaniuma sikio: "Dada, simama useme!" Nikamjibu, "Simama wewe." Hakusimama. Kwetu mtu hamrekebishi mzee aliyesimama kushuhudia. Ukifanya hivyo haumrekebishi yeye tu, unamrekebisha Mungu mbele za watu. Nilibaki nimefumba mdomo, mimi ambaye mpaka leo nikianza kusimulia watu huomba maji. Kisha mchungaji akatoa wimbo, nasi kwaya tukaimba kuzishukuru zile tisa.

Jumatatu walianza kuleta vitu. Mmoja alileta valizi, sanduku la safari la magurudumu, jirani akaleta shuka, kijana wa fundi viatu akaleta viatu vilivyopakwa rangi mpaka unajiona ndani. Waliviweka mlangoni na kumwambia kaka, "Ukifika huko usitusahau." Aliwashukuru mmoja mmoja. Kila kitu kilichoingia, yeye alizidi kupungua. Kufikia Jumanne jioni alikuwa hali chakula.

Nilijaribu. Jumatatu nilitembea mpaka shuleni; mwalimu mkuu alikuwa Mbarara, nikamkuta askari wa lango anafua soksi. Jumanne nikaenda ofisi ya shirika. Mlinzi wa pale, Mganda mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniita nyabo, yaani bibie kwa kwao.

"Mimi nimeelewa, nyabo. Lakini order ni order. Leta mzazi na kadi."

"Mzazi ndiye shida yenyewe."

"Basi leta kadi."

Kadi baba alilala nayo ndani ya koti, na koti alilala nalo mwilini.

Jumatano baba alifunga vifungo vyote vya koti, akachukua jalada la bluu, fomu ikiwa na jina la kaka, na nakala za matokeo yetu sote wawili kwa sababu ofisi ilitaka za kila mtoto wa kadi. Nikamsindikiza mpaka barabarani nikimwomba. "Papa, uliza tu. Usiamini mimi. Uliza pale, moja ni nini." Alitembea mbele yangu kana kwamba nyuma yake kulikuwa na upepo tu.

Alirudi mchana. Mama akamwuliza habari. Akasema, "Bamepokea," akavua viatu, akalala na nguo. Chakula hakukigusa. Nilidhani ni jua limemchosha.

Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Majina yalipobandikwa baada ya wiki tatu, hakukuwa na la kaka wala la mtu mwingine yeyote wa nyumba yetu. Baba akawaambia wazee wa kanisa kwamba Wakongomani hawapendwi huku, na hilo halikuhitaji ushahidi, watu waliitika tu. Mimi nilielewa kivyangu: ofisi iliona tisa, ikatupa fomu, mambo yakaishia hapo. Nilimkasirikia baba kwa ujinga wake. Ujinga husameheka. Nilijiwekea ahadi kwamba ipo siku nitamsamehe.

Kaka hakusubiri. Alichukua ile valizi, akaenda Mbarara kubeba ndizi sokoni, na valizi akaitumia kama mto. Mimi niliajiriwa Kaberebere kwenye hoteli ya chapati. Nilisukuma chapati ambazo ukizipanga zingetoka pale mpaka Kinshasa na kurudi. Ilipopita miaka minne nikasogea Mbarara, nikapata chumba karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na hapo ndipo nikasikia kuna masomo ya jioni kwa watu wazima, kidato cha tano na cha sita, kwenye madarasa ya shule ya msingi.

Darasa letu lilikuwa la wanajeshi na wake zao, na mimi. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba. Kulikuwa na koplo mmoja ambaye magoti yake yalifika masikioni akikaa. Alinipenda kwa sababu ya hesabu.

"Mukongo! Hii x imeenda wapi?"

"Imevuka upande ingine, afande."

"Imevuka bila ruhusa?"

"Imebadilisha alama, ikavuka."

"Shika yeye! Rudisha hapa!"

Nilicheka miaka miwili mizima katika darasa lile. Mbarara nako nilisukuma chapati, nikatoka saa kumi, nikafika na unga kwenye nyusi, na mke wa sajini mmoja alikuwa akinipangusa kwa kanga yake kabla mwalimu hajaingia. Nilimaliza kidato cha sita na pointi ambazo mwalimu alizisoma mara mbili kwa sauti. Koplo alinibeba mabegani kuzunguka uwanja wa shule. Kwa kweli alinibeba hatua nne, mgongo ukakataa, lakini mimi huwa nasimulia kwamba tulizunguka.

Basi nikarudi kwa shirika lilelile. Sasa walikuwa na ofisi Mbarara, kiyoyozi na kila kitu. Nilikuwa na karatasi zangu zote, nimezipanga kama baba alivyotufundisha. Kijana aliyekuwa mezani alizisoma kwa makini, akaniuliza maswali mazuri, akaniita dada. Kisha akafika kwenye mwaka niliomaliza kidato cha nne.

"Dada, pole. Lazima isiwe zaidi ya miaka mitano. Wewe umepita kwa miwili."

"Nilikuwa nasukuma chapati."

"Naona. Na matokeo yako ya kidato cha nne ni... Kwa nini hukuomba wakati ule? Kwa haya ungechukuliwa bila hata mahojiano."

Nilikusanya karatasi zangu. Nilimshukuru, nikatoka.

Jumamosi ile nilienda Nakivale. Baba nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwenye beseni. Amezeeka, nyusi zimekuwa nyeupe kama za msaga unga. Nikaketi, nikachukua hindi, nikamsimulia yote kama kichekesho, kijana wa kiyoyozi na sauti yake na kila kitu, maana mimi hata habari mbaya naziwekea chumvi. Baba hakucheka.

"Ile Jumatano," akasema.

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kulikuwa mwanamke pale ku meza. Akaweka karatasi yako na ya kaka yako pamoja. Akasema, 'Mzee, umekosea mtoto. Huyu msichana ndiye tunatafuta. Kimbia, andika fomu nyingine, tunafunga Ijumaa.' Akanifasiria yote. Moja, mbili, mpaka tisa."

Hindi lilikuwa mkononi mwangu. Nililishika tu.

"Ulijua Jumatano," nikasema.

"Nilijua."

"Zilibaki siku mbili, Papa."

"Nilisema mbele ya kanisa Mungu amefanya. Batu balikuwa bamesha leta valizi. Nirudi Jumapili niseme Mungu hakufanya? Niseme mwalimu mzima hajui kusoma pointi?" Aliokota punje iliyoruka, akaitupa kwenye beseni. "Na kaka yako alikuwa ameanza kuniangalia mu macho."

Kulikuwa na maneno mengi. Kwa mara ya pili maishani hayakutoka.

"Na mimi?" nikasema mwishowe.

"Weye ulikuwa na akili. Nilijua utapata fasi ingine."

"Sikupata, Papa."

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeitikia hodi. Akanisogezea mahindi mengine, na tukapukuchua mpaka beseni likajaa.